Kukesha Mchana na Kurunzi

Benchi letu ni ubao mmoja mrefu uliopigiliwa juu ya magogo mawili, nje ya kibanda cha kinyozi, ubavuni mwa ukuta ambao zamani ulikuwa wa bluu na sasa umekataa kuwa na rangi yoyote. Upande mmoja linayumba, na huko ndiko ninakokaa mimi, kwa sababu kila siku nakuta penginepo pameshajaa. Wananiita Bahasha. Ni kwa ajili ya bahasha ya kaki ninayotembea nayo kwapani, mwaka wa tatu huu: shahada ya takwimu, daraja la pili la juu, pamoja na barua kumi na saba za kunikatalia kazi, zinazoanza na we regret to inform you. Wao wana-regret, mimi nakunywa kahawa. Jumapili ile, saa nne asubuhi, tulikuwa wanne kama kawaida. Wembe, kinyozi mwenyewe, ambaye mteja wake wa kwanza alikuwa wa saa kumi. Mwalimu Kengele, mstaafu, ambaye hata akipiga chafya anatazama saa. Birika, muuza kahawa, ambaye huzunguka mitaa yote asubuhi na kuja kutua kwetu. Na mimi. Ndipo shemeji, mke wa mwenzetu Kurunzi, alipotuletea mumewe kama mtu anayeleta saa ya ukutani kwa fundi.

— Shikamoo, Mwalimu. Nyie wengine hamjambo? Nimewaletea mtu wenu.

Kurunzi alikuwa nyuma yake, macho mekundu, kishikizo cha kwanza cha shati kimefungwa kwenye tundu la pili. Kwa asiyemjua, Kurunzi ni mlinzi wa usiku kwenye bohari la rangi, miaka kumi na moja. Usiku analinda, mchana analala, na wanawe wamejifunza kucheka bila kutoa sauti. Sasa bohari limefungiwa kamera, walinzi wa usiku hawatakiwi tena. Wenzake wawili wameshaaga. Yeye kapewa wiki moja ya majaribio getini, zamu ya mchana, kuanzia Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi. Akikutwa anasinzia hata mara moja, anarudisha sare.

— Katoka zamu yake ya mwisho leo alfajiri, shemeji alisema. Hajalala. Na asilale. Muuguzi wa zahanati kaniandikia hapa.

Akakunjua karatasi na kutusomea kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu: alale saa tatu usiku, kila siku saa hiyo hiyo, hata siku ya mapumziko, aamke saa kumi na moja alfajiri, kukipambazuka atoke nje apate mwanga, kahawa mwisho saa sita mchana, simu isipande kitandani, akizidiwa mchana ajilaze dakika ishirini tu, na zikizidi hapo, usiku umeharibika.

— Mimi nina sketi arobaini za sare ya shule, zinachukuliwa kesho, akaendelea. Siwezi kushona huku namchunga mtu mzima. Nyinyi kutwa mko hapa mnapiga kelele. Leo kelele zenu zimepata kazi. Nitarudi jioni, nimkute macho.

— Shemeji, alisema Wembe, mkono kifuani, umemleta penyewe. Hapa hata mtu akitaka kulala hawezi.

— Ndiyo maana nimemleta.

Akaenda zake. Sisi kama benchi hatukuwahi kupewa kazi na mtu yeyote. Nilimwona Mwalimu akinyoosha kola.

Birika alimimina kikombe akampa Kurunzi, halafu akamwinulia vidole vitatu.

— Utakunywa vitatu. Siyo viwili, siyo vinne. Kikombe cha kwanza kinaamsha. Cha pili kinalaza. Cha tatu kinaamsha tena. Wanaosema kahawa yangu haina nguvu wote wanaishia kwenye shufwa.

— Una ushahidi? nikamuuliza.

— Mimi mwenyewe. Nakunywa vinne kila siku na nalala kama gunia.

— Unalala kwa sababu umezunguka tangu alfajiri umebeba birika na jiko la mkaa.

— Sasa si ndiyo hivyo? Nikizunguka nakunywa vinne.

Miaka minne nilikaa darasani kujifunza kwamba mambo mawili yakitokea pamoja si lazima moja limezaa jingine. Correlation is not causation, mhadhiri anaandika ubaoni, sisi tunanakili. Hakutuambia kwamba siku moja tutabishana jambo hilo na mtu mwenye birika, na kwamba kati yetu sote mwenye kazi atakuwa yeye.

— Tatizo si kahawa, alisema Mwalimu Kengele. Tatizo ni ratiba. Nimesimamia bweni miaka kumi na tisa. Wavulana mia mbili. Saa tatu kamili: kengele, taa, kimya. Dakika tano, wote wamelala. Usingizi ni kama mwanafunzi. Ukiuzoesha kengele, utakuja mbio wenyewe.

— Mwalimu, unisamehe, nikasema. Mimi nimekaa bweni. Tulikuwa hatulali. Tulikuwa tunangoja mwalimu aondoke.

— Wa kwangu walikuwa wanakoroma.

— Kwa zamu. Sisi tulikuwa na orodha ya wakoromaji, imebandikwa nyuma ya mlango.

Mwalimu alinitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba ndoa yake ya miaka arobaini ilikuwa mazoezi.

— Hata nyumbani napiga, akasema. Kengele ile ile, waliniaga nayo. Saa tatu, kila siku.

— Na mama analala? aliuliza Wembe.

— Mama alihamia chumba cha wageni. Huko analala vizuri sana. Sasa mnaona wenyewe kwamba kengele inafanya kazi.

Kurunzi alicheka mpaka kahawa ikammwagikia gotini. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu afike, na Wembe akaona ni nafasi nzuri ya kumchokoza.

— Na wewe, mwanaume mzima, miaka kumi na moja unakimbiza wezi, leo unaletwa kwa mkono kama mtoto wa chekechea?

— Wezi siwaogopi, alisema Kurunzi. Nishawahi kufukuza watatu kwa pamoja, mmoja akaacha kiatu. Ninachoogopa ni saa tano asubuhi. Ikifika saa tano, mwili wangu unajua ni usiku wa manane. Magoti yanakuwa uji. Usiku angalau ni mimi na giza langu. Kule getini mchana yanapita malori, anapita meneja, wanapita wageni. Nitasinzia mbele za watu.

— Meneja atakufokea tu.

— Yule hafoki, ndugu yangu. Anaandika kwenye daftari, anakutakia siku njema. Wenzangu wote wawili aliwatakia siku njema.

Kurunzi akazungusha kikombe mkononi.

— Nina mmoja yuko darasa la saba, mwingine la nne. Na sketi arobaini haziji kila wiki.

Hapo ikabidi elimu ifanye kazi. Niliweka bahasha chini na kusimama.

— Sikilizeni. Mwili una saa yake ndani. Haurukishwi, unasogezwa. Saa moja kwa siku, taratibu, kwa mwanga wa asubuhi na kulala wakati ule ule. Kurunzi amezoea kulala saa mbili asubuhi. Tunataka alale saa tatu usiku. Hiyo ni kazi ya siku kumi na moja.

— Na sisi tunazo ngapi? aliuliza Mwalimu.

— Tuna mpaka saa tatu usiku wa leo.

— Basi elimu yako imefika msiba ukiwa umeshaisha, alisema Wembe.

— Hawakuniita mapema!

— Hawajawahi kukuita, Bahasha.

Ilinichoma, nami nikafanya kosa la kuendelea. Nikasema mtu akipanda ndege akashuka upande mwingine wa dunia, akikuta kule ni usiku, atajilaza, na baada ya siku chache mwili unakubali yaishe. Nilikuwa nataka kueleza habari ya mwanga. Birika akaruka na ndege.

— Basi tuuambie mwili wake umesafiri!

— Vipi?

— Tugeuze saa zote za nyumbani kwake. Akiingia anakuta nchi ya kigeni.

— Haitoshi, alisema Mwalimu. Atachungulia dirishani. Lazima tugeuze saa za mtaa mzima.

— Na jua je? nikauliza.

— Jua ni jambo la utekelezaji, alisema Mwalimu.

— Rahisi zaidi, alisema Wembe, bohari lifunguliwe usiku. Malori yaje usiku, wateja waje usiku, meneja mwenyewe aje usiku. Kurunzi abaki na saa zake. Mtu mmoja abadilike, au wachache wengine?

— Wachache wangapi? nikauliza.

— Wote waliobaki.

Kura ikapigwa. Hoja ya Wembe ilipita, tatu kwa moja. Kurunzi hakupiga kura. Alikuwa amebana kope kwa vidole viwili, kama mtu anayeshikilia mlango kwenye upepo. Saa sita tulimzuia asinywe kahawa tena, kama karatasi ilivyosema, ingawa Birika alilalamika kwamba kaachwa kwenye shufwa. Tukamsimamisha, tukamkalisha, tukamwimbisha nyimbo za shule. Mwalimu akamuuliza miji mikuu ya nchi za kigeni. Alijibu vizuri mpaka ya tano, kisha akajibu kwa jina la mkewe.

— Anazama, alisema Wembe. Tumbadilishie dawa.

Akaingia kibandani, akatoka akikokota kiti chake cha kunyolea, kile cha ngozi bandia kinacholala nyuma ukikikanyaga chini, akakiweka kivulini kando ya benchi.

— Mmewahi kuona mtu anasinzia kuanzia miguuni? Usingizi unaingilia usoni. Kwanza kope, halafu shingo, halafu basi. Sasa mimi nikiweka taulo la moto, vinyweleo vya uso vinaziba. Usingizi unakosa mlango. Utazunguka nje mpaka jua lizame.

— Vinyweleo havizibi kwa joto, nikasema. Vinafunguka.

— Wewe umenyoa nyuso ngapi?

— Hata mmoja.

— Umeona.

Hapo ndipo mabishano yangu yote yanapokwama, hapa benchini na katika zile ofisi kumi na saba: uzoefu. Kurunzi akalazwa kwenye kiti. Wembe akachovya taulo kwenye maji ya moto, akalikamua, akamfunika uso wote, pua ikaachiwa upenyo mdogo. Akatukumbusha sheria ya kibanda chake: mtu aliye chini ya taulo haongei sana, akiulizwa anajibu kwa kifupi, taulo lisisogee.

— Kurunzi, uko macho?

— Naam, mkuu, ilitoka sauti chini ya taulo.

— Mnaona? alisema Wembe, akaketi na mikono kifuani. Mlango umefungwa.

Mioyo ikatulia. Mtu anajibu, kazi inakwenda. Tukarudi kwenye mambo makubwa.

— Mimi nadhani usingizi ni treni, alisema Mwalimu. Saa tatu linapita. Ukilikosa kwa kuchezea simu, unakaa stesheni mpaka la saa sita. Ndiyo maana muuguzi kaandika saa ile ile kila siku. Treni halijui kama kesho una mapumziko. Au sivyo, Kurunzi?

— Naam, mkuu.

— Treni lingekuwa hivyo mbona wengine wanalala popote? aliuliza Birika. Sikilizeni mimi. Nimezunguka mitaa hii miaka mingi, naona nani anaamka lini. Usingizi ni maji ya bomba. Mtaa mzima una bomba moja. Wa juu akifungulia sana, wa chini anapata matone. Kurunzi hana usingizi wa usiku kwa sababu kuna mtu anaumaliza.

— Nani?

— Tutafute. Nani anaamka wa mwisho mtaani?

Walinigeukia wote watatu, taratibu, kama mbuzi waliosikia mfuko wa pumba.

— Bahasha, alisema Wembe, wewe unaamka saa ngapi?

— Saa tatu na nusu. Siku nyingine saa nne kasoro.

— Na unalala?

— Saa tisa. Saa kumi. Inategemea chaji ya simu.

— Mwizi huyu hapa! alisema Birika, akapiga birika kwa kifuniko. Kurunzi, mwizi wako tumempata!

— Naam, mkuu.

— Lakini kwa nini saa nne, kijana mzima? aliuliza Wembe.

— Sasa niwahi wapi?

Nilitaka itoke kama mzaha. Haikutoka hivyo. Wembe akaanza kutafuta kitu mfukoni ambacho hakikuwamo. Mwalimu Kengele akavua miwani.

— Mwanangu, akasema, ungeamka tu saa kumi na moja na nusu, hata kama huna pa kwenda. Uoge, uvae, utoke uone jua. Siku wakikuita, wakute mwili umeshazoea. Au utamwambia mwajiri akupe siku kumi na moja za kusogeza saa?

Hakuna kitu kinachouma kama hesabu yako mwenyewe ikirudishwa kwako na mtu mwenye haki. Kwa hiyo nilijibu. Nilijibu kwa kirefu. Niliwaambia kuhusu tangazo la kazi ya karani wa stoo kwenye bohari lile lile la rangi, nafasi moja, walioomba mia tatu na kumi, na sharti la uzoefu wa miaka mitano, experience kwa mtu aliyemaliza chuo jana, as if tunazaliwa na miaka ya kazi tumboni. Niliwaambia kuhusu mitandao inayosema watu waliofanikiwa huamka alfajiri. Wanaamka alfajiri kwa sababu kuna gari linawangoja nje! Nikaingia kwenye sera, nikatoka kwenye sera, nikaingia Kiingereza, nikatoka jasho. Birika alisahau kumimina. Mtu mmoja alisimama kunisikiliza, akaenda, akarudi na mwenzake. Kila nilipofika kwenye hoja nzito nilimgeukia mlalahoi mwenzangu:

— Au nasema uongo, Kurunzi?

— Naam, mkuu!

Sijawahi kuungwa mkono namna ile maishani mwangu.

Nilikuwa nimenyanyua kidole kwa hoja ya tisa nilipoona wenzangu wanatazama nyuma yangu. Shemeji alikuwa amesimama pale, futi ya kitambaa shingoni, vipande vya uzi wa kijani kwenye nywele.

— Mume wangu yuko wapi?

— Huyo hapo, alisema Wembe kwa fahari. Macho makavu kabisa. Tunaongea naye muda wote. Kurunzi, uko macho?

— Naam, mkuu.

Shemeji hakutabasamu. Alisogea mpaka kwenye kiti, akainama kidogo.

— Baba, sketi zimekwisha.

— Naam, mkuu.

— Nyumba imeungua.

— Naam, mkuu.

— Nimeamua kuolewa na Wembe.

— Naam, mkuu.

Wembe alirudi nyuma hatua mbili.

— Shemeji, mimi nina mke.

— Kaa kimya wewe. Miaka kumi na moja mkaguzi alikuwa anapita na pikipiki, anauliza kutoka barabarani, mlinzi, uko macho? Huyu hujibu hivyo usingizini, hata nikimfunika shuka. Hata siku natafuta chumvi jikoni nikiongea peke yangu, ananijibu kutoka kitandani.

Akafunua taulo. Lilikuwa limepoa, limekauka, kingo zake zimekuwa ngumu kama maandazi ya juzi. Chini yake kulikuwa na uso wa mtu asiye na meneja, asiye na kamera, asiye na geti. Mdomo wazi. Hata mikunjo ya paji la uso ilikuwa imetoka kwenda matembezini.

Shemeji akatutazama mmoja mmoja.

— Amelala tangu saa ngapi?

Swali jepesi kama hilo. Halikuhitaji nadharia wala kura. Karatasi ilikuwa bado imebanwa chini ya kikombe, dakika ishirini zimepigiwa mstari, na sote tulijua maana yake: zikiwa ishirini, Kurunzi ana usiku, na ana kazi. Zikiwa zimezidi, atakodoa macho darini mpaka alfajiri, na saa tano asubuhi magoti yatakuwa uji mbele ya malori.

— Taulo liliwekwa... alianza Birika.

— Kabla ya bomba, alisema Mwalimu.

— Bomba gani? aliuliza shemeji.

Birika akasogeza birika lake nyuma ya miguu.

— Taulo langu huchukua dakika kumi kupoa, alisema Wembe.

— Na kukauka?

— Sijawahi kuliacha likakauka.

— Mwalimu, wewe mtu wa saa?

Mwalimu alitazama saa yake kwa muda mrefu, kama inaweza kumwonea huruma.

— Ilipokuwa treni niliangalia, akasema. Halafu Bahasha akaanza kuongea.

— Bahasha aliongea kwa muda gani?

Walitaka kusema. Niliona midomo ikifunguka. Wakanistahi, na stahi yao ikaniuma kuliko zile barua zote. Mtu wa takwimu, kazi moja ya kuhesabu, na sikuwa na hata namba ya kubahatisha.

Shemeji akampiga Kurunzi kofi dogo begani. Kurunzi aliruka, akapiga saluti, akaona mkewe.

— Sijalala, akasema.

— Hujalala. Simama.

Akageukia benchi.

— Na nyinyi simameni. Mmemlaza, mtamchosha. Tunatembea mpaka jua lizame, mguu kwa mguu, mpaka usingizi mwingine uje.

— Shemeji, nina mteja wa saa kumi, alisema Wembe.

— Saa kumi imeshapita. Simama.

Ndivyo benchi lilivyobaki tupu, Mwalimu akiwa ameweka leso kujishikia nafasi. Tulipita mtaa wa mafundi seremala, tukapita shule, tukapanda ule mlima wa tangi la maji ambao mimi sijaupanda tangu nimalize chuo. Birika alikuwa anaburuta birika lisilo na kitu. Wembe alisimama mara mbili akisema anatazama mandhari. Mwalimu alipiga miayo, akatuambukiza sote, tukawa tunatembea tumeachama kama kwaya. Nikamwambia shemeji, kwa pumzi iliyobaki, kwamba kesho saa kumi na moja na nusu nitapita kumsindikiza Kurunzi mpaka getini, iwe isiwe. Alinijibu kwamba kwanza tuone.

Nikamtafuta Kurunzi kwa macho. Alikuwa hatua ishirini mbele yetu, mgongo umenyooka, anaruka madimbwi kwa miguu yote miwili, anapiga mluzi.

Mtu aliyelala dakika ishirini hapigi mluzi namna ile.